Ushauri bila sababu: historia fupi ya Subaru, mafundi na barabara ya Lukenya

Hapa tumezoea kuongea kompyuta na programu, lakini leo naomba ruhusa niongee magari. Msikimbie. Mkifika mwisho mtaona kwamba hatukutoka mbali na nyumbani.

Mwaka 2012, Jumapili moja alasiri, nilikuwa natoka Emali kurudi Nairobi na Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998. Wale mnaoijua barabara ya Mombasa mnajua kwamba kutoka Emali kwenda Nairobi kuna mpando mrefu, huku malori yamekuzuia mbele na jua la Ukambani linakuchoma ubavuni. Nilipoupita mchepuko wa Machakos pale Kyumvi na kuanza kuona vilima vya Lukenya, sindano ya joto ilikuwa imepanda mpaka karibu na alama nyekundu. Nikaweka gari kando, nikafungua boneti. Mvuke.

Hazikupita dakika kumi, Impreza nyingine ikapunguza mwendo na kusimama mbele yangu. Akashuka mzee wa miaka sitini hivi, kofia kichwani, chupa mbili za maji mkononi.

"Pole kijana. Umezima?"

"Nimezima, mzee."

"Vizuri. Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Thamostati iko?"

Nikamwambia kwamba fundi aliitoa mwaka uliopita. Gari lilikuwa linachemka kidogo, naye akasema kitu hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Na kweli, baada ya kuitoa, gari liliacha kuchemka.

Mzee akatikisa kichwa. "Alikwambia ni kwa nini lilikuwa linachemka?"

Hakuniambia. Na mimi, ninayeshinda siku nzima nikiwafokea wenzangu wasizibe hitilafu kwenye programu bila kujua chanzo chake, sikuuliza.

Tulikaa pale karibu saa nzima tukingoja injini ipoe. Mzee akatoa kwenye gari lake daftari la shule, lile la mistari. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na safu ya mwisho aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: KWA NINI. Mkanda wa taimingi, tarehe fulani, kwa nini. Plagi, tarehe fulani, kwa nini. Kurasa za nyuma zilikuwa za hitilafu alizosikia kwa wenye magari kama lake, na jinsi kila moja ilivyotibiwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: maarifa yale yalitoka wapi? Mtengenezaji wa gari lile yuko Japani, na kitabu chake cha maelekezo, kilichokuja ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani kitupu. Mzee yule hakuwa fundi. Aliyajuaje yote yale? Nimefuatilia kidogo, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Mambo yalianza mwaka 1953

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Kitu ambacho wengi wamesahau ni kwamba mwanzoni magari yale yalikuwa ya kawaida, na yalipangwa katika makundi kwa bei yake dukani. Yaani mtu alitaka kujua: kwa pesa zangu hizi, gari gani litavumilia barabara zetu? Mwaka huo wa kwanza Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe ndiyo iliyong'ara.

Barabara zetu zilikuwa hakimu mkali. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Ukitaka kujua kwa nini Peugeot zilijaa nchi hii kwa miaka mingi, anzia hapo. Watu walinunua kilichofika mwisho.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, aliingia mashindanoni na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ilikuwa imekimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia na dereva wa kiwanda, Tom Trana, kisha ikabaki huku. Joginder aliinunua, akaitengeneza kwa mikono yake, akakaa ndani na ndugu yake Jaswant, na wakashinda. Baadaye alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Wengi humkumbuka kwa kasi. Mimi namkumbuka kama mtu aliyechukua gari kuukuu lililoachwa na wageni, akalijua kuliko wao.

Halafu yakaja magari ya michezo yenyewe. Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Gari la namna hiyo lilitengenezwa kwa barabara laini za lami, na hapa likapigwa na vumbi, mawe na matope. Kila kilichovunjika kilikuwa somo. Na mafundi walioyasoma masomo hayo hawakupanda ndege kuondoka baada ya mashindano. Jumatatu walirudi kwenye gereji zao, Jumanne wakaanza kuwafundisha vijana wao, na vijana hao wakaja kufungua gereji zao.

Subaru inaingia

Sasa tufike kwenye gari letu. Mwaka 1993 Patrick Njiru, Mkenya, aliendesha Subaru Vivio katika Safari. Vivio ni kigari chenye injini ya cc 660, kidogo kuliko injini ya pikipiki nyingi kubwa. Akamaliza wa 12 na kushinda daraja lake. Katika mashindano yaleyale, Mskoti Colin McRae alikuwa na Vivio pia, na hakufika. Mwaka uliofuata Njiru alirudi na Impreza akamaliza wa 4. Mwaka 1997 McRae akashinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza. Kwa kijana wa miaka hiyo, ile rangi ya buluu na ule mngurumo wa kukatakata vilitosha.

(Mngurumo ule, kwa wanaopenda kujua, unatokana na mabomba ya moshi. Injini ya Subaru ni ya boksa: silinda 4 zimelala, mbili kila upande, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Mabomba yanayotoa moshi kila upande hayakuwa na urefu sawa, kwa hiyo moshi ulifika kwenye turbo kwa mapigo yasiyolingana. Masikio yetu yakaupenda upungufu huo.)

Wakati huohuo mlango ulifunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Mombasa. Baadaye likaja sharti la shirika la viwango, KEBS, katika kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000: gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Impreza WRX iliyouzwa Tokyo mwaka 1995 ingeweza kufika Nairobi mwaka 2002 kwa bei ambayo mwajiriwa wa kawaida angeweza kuikopea.

Ila ilikuja peke yake. Magari yale yalitengenezwa kwa soko la Japani, si kwa soko letu. Kitabu ni cha Kijapani. Kilomita kwenye dashibodi huenda ni za kweli, huenda zimerudishwa nyuma. Hakuna anayejua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na katika injini ile ya turbo mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, ndipo unanunua injini nyingine. Hapo wenye magari hawakuwa na njia ila kuulizana. Kanuni ya kwanza waliyokubaliana nzima inahusu huo mkanda: gari likitoka bandarini, badilisha, hata kama dashibodi inasema kilomita 40,000. Usiiamini dashibodi, amini ulichobadilisha mwenyewe.

Kiwanda hakikuyajua haya

Angalieni mambo ambayo hakuna kitabu cha Japani kingeweza kutuambia.

Kwanza ni petroli. WRX ya Japani ilipangwa kwa petroli ya bei ya juu ya kwao, yenye oktani kama 100. Ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo. Petroli ya oktani ya chini huwaka kabla ya wakati wake turbo inapobana hewa, injini ikagonga, na pistoni ikavunjika ukingoni. Wenye magari walijifunza kusikiliza, na kuachia mafuta mlimani wanaposikia mlio kama wa kokoto kwenye mkebe.

Pili ni mwinuko. Lukenya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Gari la kawaida hupoteza nguvu huku juu. Lenye turbo hupungukiwa kidogo tu, kwa sababu turbo huzunguka zaidi kufidia. Ndiyo maana WRX ilionekana mnyama huku kwetu. Lakini turbo inayozunguka zaidi hupata joto zaidi, kwa hiyo ukifika usizime papo hapo. Acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili, oili iipoze, la sivyo itaungua ndani na kuwa masizi.

Tatu ni namna ya kuongea na gari. Hii itawafurahisha wanaprogramu. Impreza za miaka ya 1990 zina plagi mbili nyeusi zilizofichwa chini ya dashibodi. Ziunganishe, washa swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mirefu miwili na mifupi miwili ni 22: sensa inayosikiliza injini ikigonga imekufa. Mirefu miwili na mfupi mmoja ni 21: sensa ya joto la maji. Hakuna kompyuta wala mashine ya kupimia. Waliojua siri hii waliokoa maelfu ya shilingi, na waliipitisha kwa mdomo, mtu hadi mtu, kwenye maegesho na mbele ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road.

Nne ni vipuri. Injini za familia ya EJ zilianza kwenye Legacy mwaka 1989, zikaingia Impreza mwaka 1992 na Forester mwaka 1997. Kwa hiyo vitu vingi vinaingiliana, na aliyejua kipi kinaingia wapi hakulala njaa. Sisi tungeita maktaba moja inayotumiwa na programu tatu.

Pale ushauri unapoua

Mpaka hapa ni sifa tupu. Sasa upande wa pili.

Zamani petroli yetu ilikuwa na risasi, yaani ile madini, iliyotiwa kupandisha oktani. Magari ya Japani yalikuja na chombo cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita katalaitiki, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Risasi huvifunika vitu hivyo na kuviua. Bomba likiziba, gari haliendi. Basi ushauri wa miaka ile ulikuwa: kata katalaitiki, tupa. Kwa wakati ule ulikuwa na mantiki.

Lakini mwaka 2001 nchi za Kiafrika zilikubaliana kule Dakar kuiondoa risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Kazi hiyo ilisukumwa sana na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapahapa Gigiri. Sababu ya kukata katalaitiki ikafa. Ushauri haukufa. Mwaka 2012 bado nilikuwa nikiambiwa nikate, na aliyeniambia alikuwa mtoto wa shule risasi ilipoondolewa. Alipokea jibu, hakupokea swali.

Thamostati ni hivyohivyo. Kwenye gari la zamani la kabureta, kuitoa hakukuleta balaa la haraka, maana hakukuwa na kompyuta ya kudanganywa. Kwenye Impreza kompyuta inasoma joto la maji na kuamua petroli kiasi gani ipulizwe. Maji yakizunguka bila kizuizi, injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, na inazidi kumwaga petroli. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuchanganyika nayo. Injini inajila taratibu.

Na lile tatizo la kwanza? Liko palepale. Mzee wa Lukenya alinionyesha: alichovya kidole kwenye mdomo wa rejeta, kikatoka na tope la kahawia. Miaka ya maji ya bomba bila kulanti ilikuwa imeijaza kutu nusu yake. Kutoa thamostati kuliyaachia maji yapite kwa wingi, na katika safari fupi za mjini rejeta nusu ilitosha. Kwenye mpando mrefu wa kutoka Emali haikutosha. Kiraka kilikuwa kimenificha ugonjwa mwaka mzima.

Wiki mbili baadaye gasketi ya hedi iliachia na hedi moja ilikuwa imepinda. Bili yake ingeninunulia kompyuta mbili mpya za kazi. Simlaumu fundi peke yake. Alipewa ushauri na mtu, naye akanipa mimi, na sote watatu hatukuuliza kwa nini.

Kwa nini nawaandikia

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba magari haya hayakuishi kwa sababu ya kiwanda. Yaliishi kwa sababu wenye magari waliambiana. Lakini ushauri ulioyaokoa ni ule uliosafiri pamoja na sababu yake na tarehe yake. Ushauri uleule ukisafiri uchi, bila sababu, unageuka sumu mazingira yakibadilika. Sisi wanaprogramu tunalijua hili. Tunapobadilisha mstari mmoja tunaandika tarehe, na tukiwa na adabu tunaandika kwa nini. Mzee wa Lukenya hakuwahi kuandika programu, ila alikuwa na adabu hiyo kwenye daftari la shule.

Na muda hautungoji. Subaru ilijitoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa mwaka 2008. Injini ya EJ20 iliagwa kwa toleo la mwisho la magari 555, lililotangazwa mwaka 2019. Kwa lile sharti la miaka 8, Impreza za kizazi cha kwanza, ambazo ziliacha kutengenezwa mwaka 2000, hazijaweza kuingia nchini tangu karibu mwaka 2008. Zilizopo ndizo hizo. Ikifa moja, imepungua moja. Na mafundi wanaozijua kwa masikio wanazeeka, wakati vijana wao wanajifunza, na ni haki yao, magari ya betri.

Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nakumbuka watu wakiuliza ina faida gani, mbona Kiingereza tunakijua. Faida ni kwamba lililoandikwa kwa lugha ya fundi, fundi anaweza kulisahihisha. Maarifa ya Impreza yaliyoko Kenya yako kwa Kiswahili, lakini yako hewani, hayajaandikwa.

Nilimwomba mzee yule nilipige picha daftari lake. Akacheka, akasema simu yangu ina joto kuliko rejeta, nije siku nyingine tuketi vizuri. Nilipiga picha ukurasa mmoja tu, wa mkanda wa taimingi. Tulibadilishana namba. Nikawa na kazi nyingi, mwezi ukawa mwaka, na nilipompigia namba haikupatikana. Nimepita Lukenya mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiona Impreza ya buluu napunguza mwendo. Bado sijamwona.

Ukurasa mmoja ninao. Zingine, sijui kurasa sitini au themanini, zilinipita mkononi.

Basi ombi langu ni dogo. Kama una gari unalolipenda, nunua daftari leo. Andika tarehe, kilomita, ulichofanya, na kwa nini. Na fundi akikwambia "toa hiki, hakina kazi", mwulize swali moja tu kabla hajashika spana. Mnalijua.

Thamostati yangu iko mahali pake. Kulanti ni ya kijani, nilibadilisha Machi, kwa nini: miaka miwili ilikuwa imetimia.

Tuonane tena, na safari njema.